Kung'ata kwa Kina na Kurudi kwa Ugonjwa: Uhakiki wa Istilahi za Upangaji wa Meno

Miongoni mwa tafsiri zilizotufikia ili tuzitolee maoni imo karatasi ya maelekezo ambayo hupewa mtu aliyekwisha kuvuliwa nyaya za meno. Hatutataja kliniki inayoitumia wala mfasiri aliyeifasiri, kwa kuwa makosa yaliyomo si ya mtu mmoja. Ni makosa tunayoyakuta kila mara maandishi ya tiba yanapofasiriwa kwa haraka na mtu anayeijua lugha lakini hakupata nafasi ya kumwuliza daktari jambo lenyewe likoje. Tumeichagua karatasi hii kwa sababu ni fupi, na kwa sababu anayeisoma hana wa kumwuliza: amekwisha kutoka kliniki, yuko nyumbani, na anatakiwa kufuata yaliyoandikwa.

Karatasi inamweleza mtu ambaye meno yake ya mbele ya juu yalikuwa yakiyafunika mno yale ya chini. Yamerekebishwa. Sasa anaonywa kwamba yanaweza kurejea yalikokuwa, na anaelezwa la kufanya. Mfasiri ameyabeba maelezo hayo kwa istilahi tatu za msingi: "kung'ata kwa kina", "kurudi kwa ugonjwa" na "riteina ya kudumu". Zote tatu zimefuata Kiingereza neno kwa neno, na kila moja inampotosha msomaji kwa njia yake.

Tuanze na jambo lenyewe kabla ya jina lake. Mtu anapofumba kinywa na kukutanisha magego, meno yake ya mbele ya juu huyafunika kidogo yale ya chini. Kufunika huko ni kwa kawaida. Wataalamu hukipima kwa milimita, na kiasi cha milimita 2 hadi 3 hakimshtui mtu. Wengine hukipima kwa sehemu ya jino la chini inayofichwa, na husema kwamba theluthi moja au pungufu yake si tatizo. Zipo hali ambapo jino la chini hufichwa lote, na zile mbaya zaidi ambapo ncha za meno ya chini hugusa ufizi wa kaakaa nyuma ya meno ya juu na kuujeruhi. Hiyo ndiyo hali ambayo karatasi imeiita "kung'ata kwa kina".

Sasa mtazame msomaji wa Kiswahili akikutana na maneno hayo. Kung'ata ni tendo: mbwa hung'ata, mtoto hung'ata muwa. Hali tunayoielezea si tendo. Ipo hata mwenye meno akiwa amekaa kimya hali kitu. Neno la Kiingereza lililotumika limepanuka maana, likawa jina la jinsi meno ya juu yanavyokutana na ya chini, lakini kung'ata kwetu hakujapanuka hivyo. Kisha hilo "kwa kina". Katika maofisi yetu tuna uchunguzi wa kina, uchambuzi wa kina na majadiliano ya kina. Mtu aliyezoea lugha hiyo, naye ndiye msomaji wetu, ataelewa kwamba kung'ata kwa kina ni kung'ata kwa uangalifu na ukamilifu, jambo ambalo huenda akalidhania kuwa jema.

Mfasiri mwingine angeweza kukimbilia kitenzi "kuuma", na hapo angeanguka shimoni zaidi. Jino likiuma, lina maumivu. Kuumwa meno ni kuugua meno. "Uumaji mkubwa wa meno ya mbele" ungempeleka mgonjwa dukani kununua dawa ya kutuliza maumivu, hali hasikii maumivu yoyote.

Utaratibu unaojulikana katika uundaji wa istilahi ni kutazama kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, ndipo kukopa kwingine. Katika suala la meno utaratibu huu una faida kubwa, maana watu wetu wamekuwa wakiyatazama meno na kuyapa majina tangu zamani. Tuna mwanya, ambao ni uwazi wa kuzaliwa nao na kwa wengi ni uzuri; tuna pengo, ambalo ni uwazi ulioachwa na jino lililong'oka; na hakuna Mswahili atakayevichanganya viwili hivyo. Tuna chonge, tuna gego, tuna kibogoyo. Tunasema kwamba meno yamepandana pale yanapobanana na moja kukaa juu ya jingine. Tunasema kwamba yamechomoza yanapoelekea nje. Lugha yenye kupambanua hivyo haina sababu ya kuazima kitenzi cha mbwa.

Pendekezo letu ni "mfunikano", kutokana na kitenzi kufunikana, kwa umbo lile lile la mwingiliano na mfanano. Kila mtu ana mfunikano, mdogo au mkubwa, na hiyo ndiyo faida ya neno hili: linataja kipimo, halitaji ugonjwa. Hali iliyopita kiasi itakuwa "mfunikano uliozidi". Tumelifikiria neno "mpandano" na kuliacha, kwa sababu kupandana kumekwisha kushika kazi nyingine kama tulivyoeleza. Na kule kutokeza kwa meno ya juu kwenda mbele, ambako hupimwa kwa ulalo na si kwa wima, tunakuita "mchomozo". Ifahamike kwamba hata wenye Kiingereza chao, wasio wataalamu, huvichanganya vipimo hivi viwili na kumwita mtu mwenye meno ya kuchomoza kwa jina la yule mwenye mfunikano. Hatuna haja ya kuurithi mkanganyo huo.

Kwa kupita tu tutaje kosa moja dogo. Karatasi inasema kwamba matibabu yalinyoosha "mkunjo wa spii", kwa herufi ndogo, kana kwamba spii ni kitu. Spee ni jina la mtu: Ferdinand Graf von Spee, mwanaanatomia wa Ujerumani, ambaye mwaka 1890 aliueleza mpindo unaoonekana mtu akiutazama mstari wa vichwa vya meno ya chini kutoka ubavuni. Mfunikano uliozidi aghalabu huenda pamoja na mpindo uliozama mno, nao hunyooshwa wakati wa matibabu. Jina la mtu liandikwe kama jina la mtu. Katika karatasi ya mgonjwa, hata hivyo, lingeachwa kabisa.

Tufike kwenye istilahi ya pili, ambayo ndiyo iliyotufanya tuandike makala haya. "Kurudi kwa ugonjwa" ni tafsiri ya neno ambalo asili yake katika Kilatini ni kuteleza kurudi nyuma. Kiingereza hulitumia kwa homa iliyopoa kisha ikapanda, kwa mlevi aliyeacha pombe kisha akairejea, na kwa meno yaliyopangwa kisha yakasogea. Mfasiri amechukua maana ya kwanza akaipachika kwenye ya tatu. Matokeo yake ni kwamba mtu mwenye meno anaambiwa alikuwa mgonjwa, amepona, na ugonjwa unaweza kumrudia. Atauelewaje ujumbe huu? Ataungoja ugonjwa. Atangoja maumivu, uvimbe au homa, na asipoviona atajiona mzima. Huku meno yanasogea nusu milimita, kisha nusu nyingine, bila kumwuliza.

Wapo watakaosema tutumie "kurudi nyuma", kwa kuwa ndiyo maana ya asili. Hatukubaliani nao. Katika makanisa yetu aliyerudi nyuma ni mwumini aliyeiacha imani, na neno hilo limebeba lawama. Tusimpe mtoto wa miaka 15 istilahi inayomhukumu kabla hajatenda kosa. "Marudio" nayo ina kazi yake tayari: tuna uchaguzi wa marudio na mazoezi ya marudio, na madaktari huihitaji kwa ugonjwa unaojirudia. "Marejeo" ni orodha ya vitabu mwishoni mwa tasnifu.

Ili kuchagua neno ni lazima kwanza tujue meno hurejea kwa nini, na hapa mfasiri hana njia ya mkato. Sababu si moja.

Ya kwanza imo katika ufizi wenyewe. Jino halikupigiliwa katika taya kama msumari. Limening'inizwa kwa nyuzi. Jino likisogezwa, nyuzi hizo huvutika. Zile zilizo ndani ya mfupa hujipanga upya katika muda wa miezi michache, lakini zile za ufizi, zilizo juu ya ukingo wa mfupa, huchelewa mno. Mtaalamu wa Norwei, Kaare Reitan, alipochunguza meno ya mbwa yaliyozungushwa kwa majaribio, katika utafiti alioutoa mwaka 1959, alizikuta nyuzi za ufizi zingali zimevutika hata baada ya siku 232 za kuyashikilia. Mara jino linapoachiliwa, nyuzi zilizovutika hulivuta.

Ya pili inahusu namna meno yalivyoachwa siku ya kuvuliwa nyaya. Jino huendelea kutoka katika taya mpaka likutane na kitu cha kulisimamisha. Meno ya mbele ya chini husimamishwa na mgongo wa meno ya juu. Ikiwa meno ya juu yameachwa yamesimama wima mno, kama ilivyo kawaida katika lile kundi ambalo Mmarekani Edward Angle, katika mpango wake wa mwaka 1899, aliliita daraja la pili mgawanyo wa pili, basi meno ya chini hayapati pa kuegemea. Huteleza kwenda juu, na mfunikano huongezeka tena. Hapa hakuna kosa la mwenye meno hata kidogo. Kama lipo kosa, ni la mpango wa matibabu.

Ya tatu ni ukuaji. Taya ya chini huendelea kukua baada ya nyaya kuvuliwa, hasa kwa wavulana, mpaka mwishoni mwa ujana, na katika watu wengine huelekea kwenda mbele na juu kiasi cha kuuzidisha mfunikano. Na hata baada ya ukuaji kukoma, meno ya binadamu hayatulii. Meno ya mbele ya chini huzidi kubanana kadiri umri unavyosogea, kwa waliowahi kuvaa nyaya na kwa wasiowahi kuziona.

Robert Little na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington huko Seattle walitoa mwaka 1981 matokeo ya kuwafuatilia watu 65 waliotibiwa kwa kung'olewa magego madogo ya kwanza, miaka 10 au zaidi baada ya kuacha kuvaa vifaa vya kushikilia meno. Waliokuwa bado na mpangilio wa kuridhisha wa meno ya mbele ya chini hawakufika asilimia 30. Utafiti huo ulipima kubanana kwa meno, haukukusudiwa kuupima mfunikano, lakini fundisho lake kwa mwunda istilahi ni lile lile. Jambo linalowapata walio wengi haliwezi kuitwa kurudi kwa ugonjwa wala ukaidi wa mgonjwa.

Basi neno moja la Kiingereza linafunika mambo mawili yasiyofanana. Lipo la meno kuvutwa kwenda yalikotoka, na lipo la meno kusogea kwenda mahali papya kwa sababu mwili unakua na kuzeeka. Wataalamu wenyewe wameanza kuyatenganisha, ingawa katika mazungumzo ya kila siku ya kliniki bado huyaita kwa jina moja. Kiswahili kiyatenganishe tangu mwanzo. Kwa la kwanza tunapendekeza "urejeo wa meno". Kwa la pili, "mabadiliko ya umri", maneno ambayo hayahitaji kuundwa kwa kuwa kila mtu anayaelewa.

Tumelipendelea "urejeo" kwa sababu halijabebeshwa mzigo mwingine, na kwa sababu kitenzi kurejea hakimlaumu mtu. Tulikaribia sana kuchagua "kurudi" peke yake, bila ugonjwa na bila nyuma. Fundi cherehani husema kwamba kitambaa kimerudi, yaani kilipofuliwa kilinywea kwa sababu nyuzi zake zilivutwa kiwandani na sasa zimejikusanya. Hakuna matumizi yanayokaribia zaidi yale aliyoyaona Reitan. Lakini kurudi ni pia kuadhibu, kama tunavyosema mzazi amemrudi mwanawe, na kujirudi ni kutubu. Katika maandishi rasmi tuliona heri kuepuka. Daktari anayezungumza na mgonjwa uso kwa uso anaweza kuutumia mfano wa kitambaa, na ataeleweka mara moja.

Istilahi ya tatu ina madhara ya haraka zaidi. Baada ya nyaya kuvuliwa mtu hupewa kifaa cha kuyashikilia meno yalipo. Watu katika kliniki zetu hukiita riteina, na sisi hatuoni sababu ya kupigana na neno hilo. Tumejaribu "kishikizo", likatuletea vifungo vya shati. Tumejaribu "kidumishi", na hatukumpata mtu aliyelielewa bila kuelezwa. Shinikizo la damu na presha zimeishi pamoja miaka mingi bila kugombana, moja katika kitabu na nyingine katika foleni ya zahanati. Riteina ibaki kuwa jina la kifaa. Tendo lenyewe, yaani kazi ya kuyaweka meno yalipo, liitwe "udumishaji".

Tatizo ni lile neno "ya kudumu". Zipo riteina za kuvua na kuvaa, kama ile iliyoelezwa na Charles Hawley mwaka 1919, yenye waya mbele na bamba linalolala kwenye kaakaa. Na zipo nyingine ambazo ni uzi mwembamba wa chuma uliobandikwa nyuma ya meno ya mbele. Hii ya pili ndiyo ambayo Kiingereza cha kliniki huipa jina la kudumu, kwa maana kwamba mwenyewe hawezi kuivua. Mfasiri akaandika "riteina ya kudumu", na msomaji akaelewa kwamba kifaa hicho hakiharibiki. Lakini hubanduka, tena mara nyingi hubanduka kwenye jino moja tu bila mwenyewe kuhisi, na jino hilo likaanza safari yake. Iitwe "riteina ya kubandikwa", na mwenzake "riteina ya kuvua na kuvaa". Majina hayo yanasema jinsi kitu kilivyo na hayaahidi chochote.

Kwa aliyekuwa na mfunikano uliozidi lipo jambo jingine ambalo karatasi imelipitia kwa sentensi isiyoeleweka. Riteina ya juu ya mtu wa namna hii mara nyingi huongezewa sehemu nene nyuma ya meno ya mbele, ili meno ya chini yaiguse kinywa kinapofumbwa na yasipande. Karatasi imeiita "ndege ya kung'atia". Tulisoma mara tatu. Mfasiri alikutana na neno la Kiingereza lenye maana ya uso ulio sawa, ambalo pia ni jina fupi la chombo cha angani, akachagua chombo. Hatulisemi hili kwa kumcheka. Mhariri wa pili angeligundua kwa dakika moja, na karatasi haikupewa mhariri wa pili. "Kikalio cha meno ya chini" kingetosha.

Imebaki sauti ya karatasi. Mara nne msomaji anaambiwa kwamba "akizembea" kuvaa riteina ugonjwa utarudi. Uzembe ni neno la barua ya onyo, na mtumishi wa serikali anayesoma hili anaufahamu uzito wake. Ni kweli kwamba asiyevaa riteina hujiongezea hatari. Lakini hata aliyevaa kila usiku huweza kuona badiliko, kwa sababu tulizokwisha kuzieleza, na mzazi wake aliyelipia matibabu kwa shida ataifungua karatasi hii na kumgombeza kwa kosa ambalo hakulitenda. Wataalamu wenyewe si wakali hivyo. Mapitio ya Cochrane yaliyotolewa mwaka 2023, yaliyokusanya majaribio 47, hayakupata ushahidi wa kutosha wa kusema aina moja ya riteina inaishinda nyingine kwa hakika. Pale ambapo elimu inasema kwa tahadhari, tafsiri isiseme kwa ukali. "Usipovaa" inatosha mahali pa "ukizembea".

Tumeirudisha karatasi ikiwa na marekebisho haya. Sentensi ya kwanza, iliyosema kwamba matibabu yamekwisha na mgonjwa amepona, tumependekeza isomeke: "Meno yako yamefika mahali yalipokusudiwa, kazi iliyobaki ni kuyadumisha hapo, nayo ni sehemu ya matibabu." Neno mgonjwa tumelifuta kila lilipokuwa, kwa kuwa karatasi inazungumza na mtu na inaweza kumwita "wewe".

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyotuchukua muda mrefu zaidi. Kiingereza kinasema riteina ivaliwe bila kutaja kikomo, na tafsiri ikasema "kwa muda usiojulikana". Maneno hayo tunayajua sote: ndivyo mtumishi anavyosimamishwa kazi, na ndivyo chuo kinavyofungwa. Huonyesha kwamba mwenye mamlaka atatoa taarifa baadaye, na anayesoma hukaa akiingoja. Lakini hakuna taarifa itakayotoka kliniki. Tumeandika: "Vaa kila usiku, kwa muda wote utakaotaka meno yako yabaki yalipo."